Busaa ya Kukhu Ilichukua Siku Tisa

Wasee, hii stori nimeikalia tangu Agosti 2024. Ni stori ya pombe, lakini tulia kwanza. Siuzi kitu, na kama hujafika miaka 18 sheria iko wazi na mimi siipingi. Nataka tuongee historia. Kuna kitu nilikiona kwa macho yangu kule nyumbani, nikaenda kukisoma, nikakuta kimejirudia kwa zaidi ya miaka 100. Kila serikali ikiamua kupigana na pombe ya kienyeji, inaangusha ile ya polepole na kuiachia njia ile ya haraka. Halafu ile ya haraka inatuua na wote tunajifanya kushangaa.

Mimi ni wa Kitale. Nyumbani nyumbani, pale pa kuzikwa, ni upande wa Kimilili, Bungoma. Ukitoka Kitale unapanda matatu ya Webuye, unapita Kiminini, unashuka Kamukuywa, unachukua boda. Mwaka huo ilikuwa zamu ya ndugu yangu mdogo, mtoto wa baba mdogo, kuingia kisu. Wabukusu tunatahiri Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na hiyo haijabadilika hata kama siku hizi kijana anapiga chinyimba huku simu iko mfukoni inarekodi.

Shida ilianzia kwa kikao cha familia. Tohara bila pombe ya wazee haiendi. Sasa nani atapika? Mtu mmoja akasema kwani lazima tujisumbue, tununue kreti kadhaa za bia, na kwa wale wazee wagumu tulete mtungi mmoja wa chang'aa, kazi iishe. Baba mdogo, ambaye ndiye baba wa mtoto, akasema maneno machache tu: "Hiyo kitu haitaingia kwa boma yangu." Hakuna aliyejibu. Baba mdogo ni kipofu, na hakuzaliwa hivyo.

Alikuwa fundi wa pikipiki Kitale. Jioni moja mwaka 2016, baada ya kazi, alipitia mahali na wenzake wakapiga vikombe viwili vitatu vya kitu cheupe. Asubuhi alisema anaona kama kuna ukungu ndani ya nyumba. Siku ya tatu hakuona hata huo ukungu. Wenzake wawili walizikwa wiki hiyo hiyo. Nilikuwa shule ya msingi, na kumbukumbu niliyo nayo ni yeye akiniuliza kama stima zimepotea.

Basi kwa kikao kile kimya kikakaa, mpaka Kukhu akaongea kutoka pale kwa mlango. Kukhu ndiye mama yao. Alipika busaa miaka mingi sana, ndiyo iliyolipa karo ya baba yangu na ndugu zake, halafu akaacha baada ya askari kuja mara ya tatu kumwaga mapipa yake na kuondoka na sufuria. Akasema, "Nitapika mimi. Lakini mnipe siku tisa, na mtu asinikimbize."

Siku tisa! Niliangalia kalenda kwa simu nikafikiri anatia chumvi. Hakuwa anatia.

Kama hujawahi kuona busaa ikitengenezwa, wacha nikupeleke. Kwanza ni kimea. Kukhu aliloweka wimbi usiku mzima, akalimwaga maji, akalifunga kwa gunia lenye unyevu na kuliweka kona yenye joto. Siku ya tatu lilikuwa limechipua vijimizizi vyeupe, limeshikana kama mkeka. Akalianika kwa jua mpaka likakauka, likasagwa. Huku kimea kikiendelea, unga wa mahindi ulikuwa umekandwa na maji kidogo, ukawa donge gumu, ukafunikwa kwa pipa ukae siku tatu uchachuke. Hapo harufu inaanza. Kisha likaja lile la kukaanga. Bati kubwa juu ya mafiga, kuni, na wanawake wawili wakigeuza ule unga kwa koleo mpaka ukawa chembe chembe za kahawia, unanuka kama mkate uliokaribia kuungua. Moshi wake unafika kwa jirani wa tano. Kumbuka huo moshi, tutaurudia.

Mwisho kabisa chembe zile, maji na kimea vinakutana kwa pipa. Na hapo kuna sehemu yangu ya kupenda zaidi. Maji ya kwanza hayamwagwi na mpishi. Mtoto mwenyewe anayetahiriwa anaenda kuyachota na kuyamwagia kimea, inaitwa khuchukhila. Ndugu yangu wa Form One, ambaye kwa kawaida hata kikombe chake haoshi, alisimama pale na maji amenyamaza kabisa. Kuanzia hapo pombe na yeye wana saa moja. Ikiiva, naye siku yake imefika. Huwezi kuharakisha mmoja bila mwingine.

Sasa, kwa nini siku zote hizo? Nilidhani ni mila tu. Kumbe ni sayansi, na ni sayansi nzuri. Hamira haili mahindi. Hamira inakula sukari, na mahindi yamejaa wanga, ambao ni sukari iliyofungwa kwa minyororo. Wimbi likichipua linatengeneza vimeng'enya vya kukata hiyo minyororo, kwa sababu mche mchanga nao unahitaji chakula. Mwanamke anayepika busaa anaiba mkasi wa mche na kuutumia kwa mahindi. Na hamira hainunuliwi. Iko kwa wimbi lenyewe, kwa pipa na kwa mikono, pamoja na bakteria wa ule uchachu wa maziwa lala. Hao bakteria ndio wanaifanya busaa iwe chachu, na huo uchachu ndio unaofukuza vijidudu vibaya. Ukitaka haraka unaruka hatua, na ukiruka hatua unapata uji mbaya.

Mwisho wa yote hayo, ukali wake ni mdogo. Busaa ya kawaida huwa na kileo cha asilimia 2 mpaka 4 hivi. Tusker ya chupa ni 4.2. Kwa hivyo ile pombe iliyofanya Kukhu akimbizwe na askari ni hafifu kuliko ile inayotangazwa kwa mabango ya mpira.

Nilimuuliza swali ambalo nadhani hata wewe unalo: si ungoje tu, uiache mwezi mzima, iwe kali? Alinicheka. "Utakunywa siki." Na ako sawa. Uingereza kuna bia kali wanaita divai ya shayiri, zinazopita asilimia 8, na wanazipata kwa kungoja. Wanaweka sukari nyingi ya kimea, halafu hamira inafanya kazi, inachoka kadiri kileo kinavyopanda, inaenda polepole wiki nyingi, na pipa linafungwa na kulazwa miezi. Lakini wao wana baridi, wana hops za kuzuia bakteria, na pipa limezibwa. Kukhu ana joto la Bungoma, pipa lililofunikwa na gunia, na bakteria ambao ni wafanyakazi wenzake. Siku ya pili au ya tatu baada ya kuchanganya, busaa iko kileleni. Baada ya hapo inazidi kuwa chachu mpaka hainyweki. Pombe yetu ya polepole ina dirisha dogo sana la kunywewa. Lazima watu waitwe, waje, wakae pamoja, waimalize. Haiwezi kuwekwa.

Na hilo ndilo linaelezea historia yote inayofuata.

Zamani, kabla ya mzungu, pombe hii ilikuwa ya wimbi na mtama zaidi. Wazee walizunguka chungu kimoja, kila mmoja na mrija wake mrefu, lusekhe, wenye kichujio kwa ncha, maji moto yakiongezwa kidogo kidogo. (Kuna michoro ya Mesopotamia ya maelfu ya miaka iliyopita inayoonyesha watu wakinywa bia kwa mirija hivyo hivyo. Wazee wa Chwele na wazee wa Babeli wangeelewana vizuri.) Ilikuwa pombe ya kulimiana shamba, ya mahari, ya matanga, ya kumwagia mababu.

Sitaki kuiremba. Wanawake waliipika na wazee wanaume wakaimiliki. Kijana kama mimi angefukuzwa pale kwa chungu. Kulikuwa na walevi na kulikuwa na wanawake waliopigwa. Wamisheni wa Friends walipofika Kaimosi mwaka 1902 na baadaye kusambaa mpaka Bungoma, walisema pombe ni hapana kabisa, na kuna akina mama waliowafuata kwa furaha, na ninaelewa kwa nini. Lakini kulikuwa na breki moja iliyojengwa ndani ya pombe yenyewe, nayo ni kazi. Wiki nzima na zaidi, gunia la wimbi ambalo lingekuwa chakula, kuni, mikono. Hakuna boma ingeweza kulewa hivyo kila siku.

Wakoloni nao walikuja na hesabu yao. Kwa Mkataba wa Brussels wa 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia vinywaji vikali visiuzwe kwa Waafrika katika sehemu kubwa ya bara. Kwa pombe ya nyumbani wakaweka vibali. Ukitaka kupika, uombe ruhusa. Ukipika bila kibali, faini au jela. Mjini Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1920, halmashauri ikaiga mtindo wa Durban. Pombe ya Waafrika ikawa inapikwa na kuuzwa na halmashauri yenyewe pale Pumwani, na mwanamke aliyepika kwake akawa mhalifu. Walewale waliosema pombe ni mbaya ndio walikuwa wanaiuza.

Kitale iko ndani ya hadithi hii kuliko watu wanavyojua. Trans Nzoia ilifanywa ardhi ya masetla. Reli ikafika Kitale mwaka 1926, na ilikuja kuchukua mahindi. Watu kutoka upande wa Bungoma walipanda huko na familia zao kuwa maskwota, kulima mashamba ya wazungu na kupewa kipande cha kulima chao. Ndivyo babu yangu alivyofika. Huku setla akikaa na bia ya chupa, iliyotoka kwa kiwanda kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1922 na ndugu wawili wa familia ya Hurst (mmoja aliuawa na ndovu mwaka uliofuata, ndio maana ikaitwa Tusker), maskwota walikuwa na yale mahindi. Miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kununua hiyo ya chupa. Basi mahindi yakaingia kwa chungu, wimbi likarudi nyuma likabaki kazi ya kimea tu. Baadaye, mwaka 1964, kituo cha utafiti cha Kitale kikatoa mbegu ya mahindi chotara 611, na wanga ukawa mwingi na rahisi kuliko wakati wowote. Busaa unayoijua leo, ya mahindi, ni mtoto wa hiyo historia ya mashamba. Tunaiita ya kienyeji lakini ina reli ndani yake.

Baada ya uhuru kulikuwa na kipindi ambacho mambo yangeweza kwenda vizuri. Sheria ya Pombe za Kienyeji ya 1971 iliruhusu leseni, na kulikuwa na klabu za busaa, mahali pa wazi ambapo mtu anajua nani kapika. Kukhu aliuzia moja ya hizo akiwa msichana aliyeolewa juzi. Anasema afisa wa afya alikuwa akija kuangalia mapipa, na kama ni machafu unafungiwa. Anaongea juu ya huyo afisa kama mtu anayemkumbuka mwalimu mkali. Wakati wa Rais Moi klabu zikafungwa, na mwaka 1980 ikaja sheria ya kupiga marufuku chang'aa.

Sasa chukua hiyo hali, ujiweke kwa nafasi ya mama mwenye watoto watano na karo ya muhula. Busaa haina siri. Moshi wa kukaanga unaita jirani wa tano na chifu wa sita. Pipa la lita 200 huwezi kulificha chini ya kitanda. Lazima uikae nayo siku tisa ukiomba Mungu askari wasipite, na ikiiva una siku mbili za kuiuza, na lazima watu wakusanyike kwako, na kusanyiko ndilo linaloonekana. Chang'aa inatoshea kwa mtungi wa lita 5. Haichachi. Inakaa miezi. Inabebwa kwa baiskeli ndani ya gunia la makaa. Mteja anakuja mmoja mmoja, anapimiwa, anaenda. Kama makosa yote mawili yanakupeleka korti ile ile, wewe ungepika gani?

Marekani walifanya jaribio hilo hilo kati ya 1920 na 1933, walipokataza pombe nchi nzima. Bia ilidorora kwa sababu ni maji mengi ya kuficha, na pombe kali ikachukua soko kwa sababu lori moja lina thamani ya malori kumi. Huko pia watu walikufa na wengine wakapofuka, baada ya kunywa spiriti ya viwandani iliyokuwa imetiwa sumu makusudi ili isinyweke. Miaka 13, wakaacha. Sisi tuliendelea.

Halafu kwa upande wetu kuna sukari. Hii ni nadharia yangu na nitaitetea hata mbele ya mjomba yeyote. Bungoma ni nchi ya miwa. Kampuni ya Sukari ya Nzoia ilianzishwa mwaka 1975, na pembeni kuna wanaotengeneza sukari nguru, na molasi iko. Kumbuka kazi yote ya Kukhu na wimbi ilikuwa ni kupata sukari kutoka kwa wanga. Ukiwa na sukari nguru hiyo kazi yote huihitaji. Unaruka kimea, unaruka donge, unaruka bati na moshi. Unachacha siku chache unaenda kwa moto. Zile siku tisa zilizokuwa breki zikaondolewa, na breki ya pili, ile ya pombe kuharibika usipoimaliza, nayo ikaondoka. Ikabaki kileo chenyewe.

Lakini subiri, si chang'aa ya kweli iliyompofusha baba mdogo. Hapa ndipo watu wengi huchanganya. Nafaka au sukari ikichacha haitoi methanoli ya kutosha kuua kikao kizima. Methanoli inayoua ni ya viwandani, kitu cha kuyeyushia rangi na kusafishia, na mtu anaichukua akaichanganya na maji au na chang'aa kidogo kwa sababu ni bei rahisi na haitaki kungoja hata siku moja. Ndani ya mwili inageuka asidi inayoshambulia neva ya macho. Novemba 2000, Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa hivyo na wengine wakabaki bila macho. Mei 2014 ikatokea tena, kaunti kadhaa kwa siku chache. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Hiyo ilikuwa miezi sita tu kabla ya sherehe yetu, na nafikiri ndiyo iliyokuwa kichwani mwa baba mdogo kwa kile kikao.

Ukitazama vizuri unaona ngazi. Siku tisa za busaa, siku chache za chang'aa ya sukari, na dakika tano za kuchanganya sumu kwa ndoo. Kila msako unamsukuma mtu hatua moja kushuka. Karao akimwaga pipa la busaa kwa kamera ya habari za saa moja, inaonekana kazi imefanyika, na huyo mwanamke kesho hatarudia busaa.

Utaniambia sheria ilibadilika mwaka 2010. Ni kweli. Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile watu waliita sheria ya Mututho, iliondoa marufuku ya 1980 na chang'aa ikawa halali, ukiwa na leseni, viwango, chupa na lebo yenye onyo. Niliisoma. Kwenye karatasi ni nzuri. Lakini fikiria ni nani anaweza kununua mashine ya chupa. Si mama pima wa Bungoma. Ni mtu mwenye kiwanda. Na busaa ndiyo iliyoachwa mbali zaidi, maana busaa haitaki chupa, bado iko hai, bado inatoa gesi, ukiifunga itarusha kifuniko. Sheria iliyoandikwa kwa pombe inayokaa kwa rafu haijui ifanye nini na pombe inayoishi siku tatu.

Majirani zetu wa ng'ambo ya Lwakhakha walijaribu kitu kingine. Uganda ilipitisha sheria ya enguli mwaka 1965, ambapo mpishi wa kijijini alitakiwa kuwa na leseni na kuuzia kiwanda, kiwanda kiisafishe tena, na hapo ndipo ilitoka Uganda Waragi ya chupa. Sisemi iliwafaa wapishi wote, wengi waliendelea kuuza kimagendo. Lakini angalau mtu alifikiri kwamba yule mama kijijini ni sehemu ya mnyororo, si takataka ya kufagiliwa.

Mimi ningeanzia kwa busaa. Serikali za kaunti ndizo zinatoa leseni za pombe siku hizi, kwa hivyo hii si lazima ingoje Nairobi. Rudisha klabu iliyo wazi, rudisha yule afisa wa afya mkali, mruhusu mtu apike kitu cha asilimia 3 mbele ya macho ya watu. Kuna watakaosema nawapotosha vijana. Sawa. Lakini vijana wa estate yetu Kitale hawajasubiri ruhusa yangu. Wako na vichupa vya shilingi chache na hakuna anayejua ndani kuna nini, hata anayeuza. Nina wanne niliosoma nao ambao wakiamka asubuhi wanatetemeka mikono. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa hapo na pombe ya kukaanga kwa bati.

Kuna jambo lingine linanisumbua, na hili si la sheria. Kwa boma yetu nzima, kati ya watu waliozaliwa baada ya 1970, hakuna anayejua kupika busaa. Kukhu alikuwa akiulizwa kila kitu. Gunia liwe na unyevu kiasi gani? Donge limeiva? Moto huu umezidi? Jibu lake lilikuwa kushika, kunusa, kuonja. Nilirekodi masaa sita kwa simu na bado sina ile ambayo iko kwa vidole vyake. Senge wangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa anaandika vipimo kwa daftari: debe moja hili, gorogoro mbili hili. Kukhu akamwambia andika, lakini wimbi la mwaka huu si la mwaka jana.

Siku ya nane usiku tulikuwa na wasiwasi. Wageni wa kesho walikuwa wameanza kufika, kuna kundi lililotoka Kitale na lori, nyimbo zinaendelea, ndugu yangu hajalala, na mtu fulani (sitamtaja, ananunua data yangu wakati mwingine) akaanza kusema hii pipa imekawia, tuongeze sukari kidogo ichangamke. Alikuwa hata ameshika pakiti ya kilo mbili.

Kukhu alikuwa amelala. Baba mdogo alisimama, akatembea na fimbo yake mpaka kwa lile pipa. Sote tulimwangalia. Aliinama, akaweka sikio juu ya gunia lililofunika, akakaa hivyo muda mrefu sana. Kama hujawahi kusikia, pombe ikiwa kazini inaongea. Ni sauti ndogo, kama mvua ya mbali kwa paa la mabati, na inavyokaribia kuiva inapungua. Mimi nilisogea nikasikiliza pia, sikutofautisha chochote.

"Bado," akasema. Akaomba kiti, akaletewa, akakaa hapo hapo kando ya pipa mpaka asubuhi.